Mgagani wa Iten

Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 300, na mtu anayependa chakula hasinzii njiani. Basi likishapita Limuru na Bonde la Ufa kufunguka, meza za wachuuzi zinaanza: karoti zimefungwa mafungu pamoja na majani yake, kabichi za kubebwa kwa mikono miwili, viazi mviringo vimejazwa kwenye ndoo hadi vikafanya kilele. Tukapita Naivasha, tukapita Gilgil, tukaingia Nakuru, mji wenye ziwa ambalo heroe hulifuata kwa ajili ya mwani mdogo sana wa rangi ya kijani na buluu. Mwani huo ni wa jamii ile ile ya spirulina inayokaushwa na kuuzwa kwenye vichupa katika maduka ya Dar es Salaam, na wenzangu wa mbio wanaijua vizuri bei yake. Toka Nakuru barabara inapanda tena. Timboroa, karibu na mstari wa ikweta, nilifunga zipu ya koti hadi kidevuni ingawa ilikuwa adhuhuri na jua linawaka.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka wa Namanga. Nimezaliwa Shinyanga, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni ya kukaa mezani, na alfajiri nakimbia na kikundi cha wanawake na wanaume wa rika mbalimbali. Kila mwaka tunajiandaa kwa Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Mbio zikiisha, tukiwa tunanyoosha misuli ufukweni, mazungumzo hurudi pale pale: tule nini? Mmoja anasifu mlonge, mwingine ameagiza mbegu za chia, wa tatu anachanganya unga wa ubuyu kwenye maji. Nilitaka kuona watu wanaokimbia zaidi ya kilomita 150 kwa wiki wanaweka nini kwenye sahani siku ya Jumanne ya kawaida, isiyo na mashindano wala wapiga picha. Nikachukua likizo yangu, nikapanda basi.

Kutoka Eldoret hadi Iten ni mwendo wa matatu usiofika hata saa moja na nusu, katikati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, ukingoni kabisa mwa Bonde la Kerio. Ukisogea hatua chache kutoka barabarani ardhi inakatika na bonde linalala chini yako, kavu na la rangi ya kahawia. Juu ya barabara kuna lango linalomkaribisha mgeni katika mji wa mabingwa. Halijatia chumvi. Hapo ndipo ilipo shule ya wavulana ya St. Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha, akaishia kuwa kocha. Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alisoma hapo. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012, alinolewa na Bruda huyo huyo.

Kuhusu mbio zangu mwenyewe sina mengi ya kusimulia. Asubuhi ya kwanza pumzi ilikata kabla miguu haijapata joto, kama inavyomkata kila mtu anayetoka pwani, maana hewa ya kule juu ina oksijeni kidogo katika kila pumzi. Makundi yalinipita kwenye vumbi jekundu, watu hamsini, watu themanini, hatua zao zikigonga ardhi kwa pamoja. Nilijiunga na dada wawili waliokuwa wakikimbia polepole baada ya mazoezi makali ya jana yake, nikarudi nao hadi kwa mama mwenyeji wangu, ambaye amepangisha vyumba vya uani kwa mabinti wakimbiaji na anawapikia wanaochangia chakula.

Kitu cha kwanza baada ya mbio kilikuwa chai. Chai ya maziwa mengi, sukari ya kutosha, na mkate. Siku nyingine yai, siku nyingine viazi vitamu vya kuchemsha. Hakuna aliyezungumza wakati wa kikombe cha kwanza. Cha pili ndicho kilichofungua midomo. Mchana ulikuja wali na maharage, au ndengu, ambazo kwetu ni choroko, au githeri, makande yetu yale yale. Nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari na mama alikuwa anacheka akipita na sufuria: "Andika tu, dada, lakini kula kwanza. Mwandishi na mkimbiaji wote wanashikwa na njaa."

Jioni ndiyo iliyonikamata. Uliletwa ugali mkubwa, umekaza, na pembeni bakuli la mboga ya majani yenye rangi nzito iliyoelekea weusi, imetulia ndani ya maziwa. Nikaonja. Ulikuwa mgagani. Pale Iten wanauita saga, na nilikuwa sijaula tangu niondoke nyumbani kwa bibi. Kwetu Usukumani mgagani huota wenyewe kwenye zizi la zamani, penye mbolea ya ng'ombe. Bibi alikuwa anatutuma kuuchuma kabla jua halijawa kali, nasi watoto tulinung'unika kwa sababu ya uchungu wake. Dar es Salaam sikuwahi kuuona kwenye sahani ya mkimbiaji yeyote. Hapa ulikuwa umewekwa mbele ya mabinti wanaoota medali, na walikuwa wanaongezana bila kuulizana.

Nikaomba kesho yake nikae jikoni. Mama alikubali akanipa kisu na ungo.

Mgagani wake ulitoka kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba, pamoja na managu, yaani mnavu, na kunde, na terere, ambayo ni mchicha. Alichambua majani na vikonyo laini, akaacha mashina magumu. Akaosha mara mbili. Akachemsha kwa maji machache, akafunika, na uchungu ulipopungua akamwaga maziwa, akapunguza moto, akaacha viive pamoja taratibu. Mara nyingine, alisema, hutia krimu. Ukilala usiku mmoja kwenye chungu ukapashwa asubuhi unakuwa mtamu zaidi, ndiyo maana anapika mwingi kuliko wanaoweza kuumaliza. Alinieleza haya yote akiwa anafanya kazi, bila hata mara moja kusema kwamba mboga hiyo ina kitu fulani kinachoingia kwenye damu. Lakini alijua nani aupate. Binti mmoja alikuwa amelalamika uchovu. Sahani yake ilijazwa mboga kwanza, ugali baadaye.

Ninayo sababu ya kukaa sana kwenye bakuli hilo. Majani ya kienyeji kama mgagani na mnavu yana madini ya chuma, kalsiamu, vitamini A kwa njia ya karotini, vitamini C na folate, na kwa mengi ya hayo yanazidi kabichi kwa mbali. Mtu anayefanya mazoezi makali, hasa mwanamke anayepata hedhi, hupoteza chuma na kukihitaji kuliko mtu wa kukaa. Na anayepanda milimani mwili wake huanza kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi, kazi isiyowezekana bila chuma. Mtu anaweza kukimbia miezi akilaumu viatu, usingizi na umri, kumbe akiba yake ya chuma imekwisha. Kipimo cha damu hospitalini ndicho kinachosema ukweli hapo, na vidonge vya chuma havifai kumezwa kwa kukisia, kwa sababu chuma kikizidi mwilini kinadhuru. Lakini bakuli la mboga halihitaji ruhusa ya mtu.

Kuna utafiti ambao kila mpenda mbio wa Afrika Mashariki angefaa kuujua. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake, mmoja wao Mike Boit, yule aliyechukua shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, walichapisha walichokiona walipopima chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu wa Kenya kwa siku 7 wakiwa kambini. Walipima kila kilicholiwa. Asilimia 76 na nusu ya nishati ilitoka kwenye wanga. Ugali peke yake ulitoa kama asilimia 23, na sukari, nyingi yake ikiwa ya chai, kama asilimia 20. Protini ilikuwa asilimia 10 hivi na mafuta 13. Kwa siku mkimbiaji alipata wastani wa kilokalori 2,987.

Nilikuwa nimezisoma takwimu hizo kabla ya safari, lakini nilizielewa kwenye meza ya mama yule. Wanga ndio unaokimbia. Majani, maziwa na maharage vinatengeneza, vinajenga na kulinda mwili unaokimbia. Nimewaona wenzangu mjini wakipunguza ugali kwa kuogopa unene, kisha wakinunua unga wa bei ghali ili warudishiwe nguvu zilizoondoka na ugali ule. Mtu mwenye kazi ya mezani kama mimi hahitaji sukari ya mkimbiaji wa Iten, hilo ni wazi. Vikombe vinne vya chai tamu kwa mtu anayekimbia kilomita 40 kwa wiki ni vingi mno. Lakini anahitaji ashibe. Anayejinyima chakula huku akiongeza kilomita anaharibu mifupa yake, na kwa wanawake mara nyingi dalili ya mapema ni hedhi kukatika. Hili halisemwi vya kutosha katika vikundi vyetu, na nalisema hapa kwa sauti.

Kisha wimbi, yaani ulezi. Ugali wa Iten haukuwa mweupe kila siku. Kulikuwa na siku ulipikwa kwa unga wa wimbi uliochanganywa na mahindi, ukawa na rangi ya udongo na harufu kama ya karanga zilizokaangwa. Wimbi ni mtoto wa nyanda zetu za juu. Lilianza kulimwa huku Afrika Mashariki na Ethiopia, kisha likavuka bahari hadi India maelfu ya miaka iliyopita. Gramu 100 za wimbi zina miligramu 340 hivi za kalsiamu, wakati uzito huo huo wa maziwa ya ng'ombe una kama 120. Kwa mifupa inayopigwa na ardhi maelfu ya mara kila asubuhi, hilo si jambo dogo.

Asubuhi za siku ya mapumziko mama alipika uji wa wimbi uliochachushwa. Unga ulikorogwa na maji usiku, ukaachwa mahali penye joto karibu na jiko, asubuhi ukawa na ukakasi wa kupendeza. Uchachu huo una kazi. Nafaka na kunde zina fitati, kitu kinachong'ang'ania chuma na zinki na kuzuia utumbo kuvipokea. Vijidudu vya uchachu huvunja sehemu ya fitati hiyo. Bibi zetu walichachusha uji kwa sababu ulikuwa mtamu na haukuharibika upesi, na damu ikafaidi.

Nilikuwa nimebeba zawadi: mfuko wa unga wa ubuyu kutoka Dodoma, ule mweupe wenye uchachu, usiotiwa sukari wala rangi. Mabinti wa uani waliujua ubuyu kwa jina na kwa pipi zile nyekundu za Mombasa, lakini unga mtupu ulikuwa mgeni kwao. Mama alichovya kidole, akakunja uso, akauliza unawekwa wapi. Nikamwambia kwenye uji, lakini usubiri uji upoe kidogo, kwa sababu moto mkali unaua vitamini C, na vitamini C ndiyo mali kubwa ya ubuyu; kwa uzito ule ule unalipita chungwa mara kadhaa. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huu kuuzwa kwenye masoko yake mwaka 2008, na tangu hapo umepanda rafu za watu wenye fedha. Kwetu Dodoma na Singida ni tunda linaloanguka lenyewe chini ya mti ambao hakuna aliyeupanda.

Hapo jikoni ndipo mambo mawili yalipokutana, nami nikafurahi kuliko nilivyofurahi kwenye barabara yoyote ya mbio. Chuma kilicho kwenye majani na nafaka ni kigumu kwa mwili kukipokea, tofauti na kile cha nyama. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huo huo inakirahisisha. Chai, kinyume chake, inakikamata. Kwa hiyo uji wa wimbi wenye ubuyu, na chai isogezwe mbele saa moja au zaidi. Mgagani ukamuliwe ndimu au ukaangwe na nyanya siku ambayo hakuna maziwa. Mama alisikiliza hadi mwisho. Chai ya baada ya mbio, akasema, haiondoki kwenye nyumba hii. Lakini ya usiku baada ya mboga aliahidi kuichelewesha, na jioni ile birika lilikuja wakati vyombo vimeshaoshwa na kukauka.

Mursik sikuikwepa. Ni maziwa yaliyochachishwa ndani ya kibuyu, sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Yana rangi ya buluu iliyofifia na moshi kwenye harufu. Wanariadha wa Kenya wakirudi na medali hupokelewa nayo uwanja wa ndege, na nyumbani hunywewa na ugali wa wimbi. Nilipewa kikombe kidogo cha heshima nikakimaliza. Maziwa ya kuchachuka ni rafiki wa tumbo la mkimbiaji: yana protini, kalsiamu, na wengi wasiowezana na maziwa mabichi huyapokea haya vizuri. Hata hivyo watafiti wamekuta asetaldehidi kwenye baadhi ya sampuli za mursik, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo la chakula, ugonjwa ambao umewasumbua watu wa magharibi mwa Kenya, na chai ya moto mno imetiliwa shaka vilevile. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu ainywe kila siku kama dawa. Kwa matumizi ya kila siku mtindi wa kawaida unatosha, na mursik ibaki pale wenyewe walipoiweka, kwenye furaha na ukarimu.

Wakati wa kula nao una elimu yake, na mabinti wa uani waliijua bila kuandikiwa. Kabla ya mbio za alfajiri hawakugusa mboga wala maharage. Wengine walitoka na maji tu, wengine na kikombe cha chai. Nyuzinyuzi nyingi tumboni wakati wa kasi huleta msokoto na kumfanya mtu atafute kichaka. Majani yalikuwa ya jioni, mbali na mazoezi, ambapo tumbo lina usiku mzima wa kufanya kazi. Jioni ya kuamkia mazoezi ya kasi mboga ilipungua na ugali ukaongezeka. Mtu wa mjini anayekula bakuli la mbegu, matunda na majani mabichi saa moja kabla ya kukimbia ana chakula kizuri katika saa isiyo yake.

Mchicha ulinikumbusha jambo jingine. Mwaka 2009 Andrew Jones na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba juisi ya kiazisukari chekundu, yenye naitreti nyingi, ilipunguza oksijeni inayotumika kwa kazi ile ile ya misuli. Baada ya hapo vichupa vya juisi hiyo vilianza kuuzwa kwa wanamichezo duniani. Naitreti haiko kwenye kiazisukari peke yake. Mchicha na mboga nyingi za majani zinayo kwa wingi. Faida yenyewe imeonekana zaidi kwa watu wa kawaida kuliko kwa mabingwa, kwa hiyo sisi wa mwisho wa kundi ndio wenye sababu kubwa ya kumaliza mchicha wetu.

Naujua uzito wa vijiko vya unga wanavyovisifu wenzangu. Unga wa majani ya mlonge una protini kama robo ya uzito wake, na hilo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye mfuko. Lakini kijiko kimoja ni gramu 5 au pungufu, kwa hiyo kinaleta gramu moja na kidogo ya protini, wakati kikombe cha maharage yaliyoiva kinaleta kama 15. Mlonge ni mti mzuri na majani yake mabichi ni mboga safi. Upikwe basi kwa sufuria, uliwe kwa bakuli, kama unavyoliwa mgagani. Spirulina vivyo hivyo, na chia vivyo hivyo. Chakula chenye nguvu kinafanya kazi kwa wingi wake na kwa kurudi kwake mezani kila siku.

Siku moja nilishuka na gari hadi chini Bonde la Kerio. Joto lilirudi, maembe yalikuwa yameiva, na akina mama walikuwa wakiuza asali na ukwaju kando ya barabara. Nikanunua ukwaju kwa ajili ya maji ya baada ya mbio. Sokoni Iten, niliporudi, nilihesabu mboga za majani za aina nyingi kuliko nilizozoea kwenye maduka makubwa ya Dar, na wauzaji wote walikuwa wanawake. Kenya ina bahati ya mwanasayansi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyetumia miaka mingi kutafiti mboga za kienyeji, mbegu zake na virutubisho vyake, wakati ambapo watu wengi walizihesabu kuwa magugu au chakula cha maskini. Leo managu imo kwenye menyu za mikahawa Nairobi. Tanzania nayo haina upungufu: pale Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center chenye hazina ya mbegu za mboga za Kiafrika. Nilipita karibu yake nikirudi, basi likielekea Moshi, nikiwa na hasira kidogo kwamba mbegu ziko hapo na mkimbiaji wa Mikocheni kule Dar anakula majani yaliyokuja kwa ndege.

Hasira hiyo nimeifanyia kazi. Mama yangu Shinyanga alinitumia mbegu za mgagani kwa basi, zimefungwa kwenye kitambaa, pamoja na gunia dogo la matobolwa. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Vipande viwili mfukoni vinamtosha mtu kwenye mbio ndefu ya Jumamosi, vinatafunika, havimwagiki wala havinati mikononi. Wenzangu walivionja kwa mashaka kwenye kilomita ya 18, na kwenye kilomita ya 25 walikuwa wananiomba.

Mbegu nilimpelekea mama muuza mboga wetu ambaye ana bustani Bunju, huko huko Dar. Alicheka, akasema nimemletea magugu ya kijijini kwao, kisha akatenga matuta mawili. Mgagani hauchelewi, kwa mwezi mmoja hivi alikuwa ameshaanza kuchuma. Sasa analeta mafungu kila Jumamosi, pamoja na mnavu ambao kumbe alikuwa nao siku zote akiwauzia Wachaga na Wapare waliouulizia. Watu sita wa kikundi wananunua. Mmoja, aliyekuwa mwepesi kuchoka tangu mwaka jana, alikwenda kupimwa damu, akakutwa na upungufu wa chuma, akapewa dawa na daktari. Mgagani anaula juu ya dawa, jioni, na chai ameihamishia asubuhi. Ubuyu ninauleta mimi kutoka Dodoma kila nikienda kikazi, na kifurushi kimoja hupanda basi la Nairobi. Mama wa Iten anasema mabinti wameuzoea na uji bila ubuyu wanauona kama umesahauliwa chumvi.

Mwezi ujao mbio yetu ndefu itaishia Bunju, kwenye bustani yenyewe. Kila mtu ameambiwa aje na mfuko wake, na muuza mboga ameomba tumpe hesabu mapema ili ajue atenge matuta mangapi.